Ini Likipungua Ghafla, Usishangilie Bado

Mgonjwa wa homa ya ini akitoka chumba cha altrasaundi, ndugu zake huuliza jambo moja: ini limevimba? Wakiambiwa limevimba, wanaingiwa na hofu. Siku chache baadaye wakisikia limepungua, wanamshukuru Mungu na kuomba ruhusa warudi Newala au Tandahimba kuwahi korosho. Furaha hiyo mara nyingine ni ya mapema mno, na ningependa kila familia ya Mtwara na Lindi ijue kwa nini.

Virusi vya homa ya ini, A mpaka E, vikishambulia kwa mara ya kwanza, ini huvimba kwa sababu kinga ya mwili inapambana navyo. Ukuta wa mfuko wa nyongo nao huweza kunenepa kupita milimita 3, hata ukadhaniwa ni ugonjwa wa nyongo. Wengi wa wagonjwa hawa hupona. Cha kuogopesha ni ini kusinyaa huku macho yakizidi kuwa ya manjano, kwani hapo seli zinakufa haraka kuliko zinavyozaliwa. Vimeng'enya vya ini kwenye damu navyo hushuka, karatasi ya maabara ikapendeza, kumbe seli za kuvimwaga ndizo zimekwisha.

Ndiyo maana picha moja haitoshi. Mpimaji hupaka jeli, huweka kifaa chini ya mbavu za kulia, kisha husema, "Vuta pumzi, ishike," ili ini lishuke lionekane vizuri. Hupima urefu wake, hutafuta maji tumboni, na huangalia damu inavyopita kwenye mshipa mkubwa unaoingia ini. Maji hayo kwa mtu ambaye ini lake lilikuwa zima ni dalili nzito. Kipimo kikirudiwa, tunalinganisha na cha mwanzo, kwa hiyo nawasihi: msitupe ile karatasi ya kwanza. Hunisikitisha sana mgonjwa anapopewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, na majibu ya awali yamebaki nyumbani.

Hata hivyo altrasaundi hutuonya tu. Kuthibitisha kwamba ini limeshindwa kazi ghafla kunahitaji kipimo cha kuganda kwa damu, INR, kikifika 1.5 au zaidi, pamoja na akili kuvurugika.

Huko kuvurugika huanza polepole, na anayeuguza nyumbani ndiye hukuona kwanza: mgonjwa analala mchana kutwa na kukesha usiku, anajibu visivyo, mikono inatetemeka akiinyoosha. Fizi zikitoka damu, ni vivyo hivyo. Asipewe dawa za mitishamba, wala panado bila daktari kujua. Mjamzito wa miezi mitatu ya mwisho aangaliwe kwa karibu zaidi, maana virusi vya E vinaweza kuua asilimia 20 hadi 25 ya wanaougua katika kipindi hicho. Ukiona mojawapo ya dalili hizi, mpeleke hospitali usiku huo huo, hata kama tarehe ya kliniki bado.