Je, wajua kwa nini msitu na matumbawe ya Kisiwa cha Chumbe vilisalimika?

Ukisimama ufukweni Mbweni, kusini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, penye magofu ya shule ambayo wamisionari wa Kiingereza waliwajengea wasichana waliokombolewa utumwani, utaona baharini kijisiwa chembamba cha kijani chenye mnara uliochomoza juu ya miti. Hicho ndicho Chumbe, kisiwa kisichofika hekta 25, kilomita kumi na kitu tu kutoka mjini. Katika pwani ambayo maweni, yaani vichaka vinavyoota juu ya mawe ya matumbawe, yamefyekwa kwa kuni na chokaa, na matumbawe yamevunjwavunjwa kwa baruti na makokoro, kisiwa kilicho karibu hivyo na mji wenye watu wengi kilibakije na msitu mzito na mwamba wa matumbawe wenye zaidi ya aina 400 za samaki?

Jibu liko katika mambo mawili ambayo hakuna aliyeyapanga kwa faida ya samaki wala miti: kiu na taa.

Tuanze na kiu. Chumbe chote ni jabali la matumbawe ya kale yaliyobaki juu bahari iliposhuka, na anayepita katika njia za msituni akiangalia chini ataona magamba ya makombe makubwa yaliyogeuka mawe, yamenasa mwambani kana kwamba bado yanangoja maji kujaa. Jabali la namna hiyo limejaa matundu, hivyo mvua ikinyesha maji huzama papo hapo yakaishia baharini. Hakuna kijito, hakuna kisima cha maji matamu, wala hakuna udongo wa kutosha kupanda hata shina la muhogo. Miti ya maweni imezoea dhiki hiyo: mizizi yake hutambaa juu ya mwamba mtupu ikitafuta nyufa, na maisha yake yote hutegemea mvua na umande. Mwanadamu hawezi kuishi hivyo, na ndiyo maana hapakuwa na kijiji.

Taa ililetwa na ukoloni. Waingereza, walioiweka Zanzibar chini ya ulinzi wao mwaka 1890, walijenga mnara wa Chumbe mwaka 1904 ili kuziongoza meli zinazoingia bandarini kutoka kusini. Mlinzi wa mnara alijengewa nyumba, na kando yake msikiti mdogo wenye mtindo wa Kihindi, ambao bado umesimama na bado unasaliwa. Mwaka 1926 taa ikageuzwa kutumia gesi. Kwa muda mrefu, kisiwa kizima kilikuwa na mlinzi wa taa na watu wake tu. Upande wa magharibi, mwamba unapakana na mkondo wa meli zinazokwenda kati ya Dar es Salaam na Zanzibar, na kwa miaka mingi, hata baada ya ukoloni, vyombo vidogo vilikatazwa kukaribia huko. Isitoshe, mvuvi mwenye ngalawa na tanga hakuwa na sababu kubwa ya kubishana na katazo hilo. Wapo wanaosimulia habari hizi kama ushahidi kwamba mkoloni alijua kutunza mazingira. Mimi naona ni kumpa sifa isiyo yake, kwa sababu taa ile iliwashwa kwa ajili ya shehena na manowari.

Bahati ya aina hiyo haidumu. Mashine za boti zilipoenea na watalii walipoanza kumiminika Unguja, kisiwa kisingeweza kuendelea kujilinda chenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mjerumani mmoja aliyekuwa amefanya kazi za maendeleo nchini, Sibylle Riedmiller, aliishawishi serikali ya Zanzibar, na mwaka 1994 mwamba wa magharibi ukatangazwa kuwa hifadhi, ukiendeshwa na kampuni isiyogawana faida. Walinzi walichukuliwa miongoni mwa wavuvi wa vijiji jirani. Hawabebi silaha, akija mvuvi ndani ya mipaka, humfuata na kumweleza kwa nini samaki wanaozaliana hapa ndio atakaowavua kesho nje ya mpaka, na kwa kuwa wanamwambia kwa lugha ya mvuvi mwenzao, maneno yao yana uzito. Mwaka 1997 panya waliokula mayai ya ndege waliangamizwa kisiwani, na baadaye wakaletwa paa nunga, paa mdogo adimu ambaye Unguja amewindwa hadi karibu kwisha.

Kwa wageni wanaokuja kulala kisiwani, kiu ya kisiwa ndiyo iliyochora ramani ya nyumba zao, ambazo ni saba tu. Paa kubwa la makuti hukinga mvua, maji huchujwa na kuhifadhiwa katika birika lililo chini ya sakafu, na ya kuogea hupashwa moto kwa jua. Maji yaliyokwisha kutumika hupitishwa kwenye bustani ya mimea inayonyonya uchafu kabla haujafika baharini. Choo ni kikavu: badala ya kuvuta maji, mtu humwaga kata ya mboji, na kinyume na wasiwasi wa wengi, hakinuki. Bei ya kulala, ni lazima kusema, haimfai mwenye kipato cha kawaida, ingawa fedha hizo ndizo zinazowalipia wanafunzi wa Zanzibar wanaoletwa kujifunza.

Saa za ziara hupangwa na maji kujaa na kupwa, wala si na mgeni. Kuogelea juu ya matumbawe ni kwa miwani na mrija tu, nyuma ya kiongozi, bila kukanyaga wala kugusa. Usiku kila mtu hupewa tochi ndogo, kwa kuwa njia hazina taa, na kiongozi akiinama ghafla na kumulika chini ya mzizi, huenda akawa amemwona kaa mkubwa wa nchi kavu, yule mwenye magando ya kuvunja nazi, ametulia tuli akingoja watu wapite aendelee na chakula chake.