Homa Hii Inatoka Wapi? Maswali na Majibu Kuhusu Kinga ya Asili na Virusi

Jana jioni nilikuwa mzima kabisa, leo asubuhi mwili wote unauma na nina homa. Kirusi cha mafua kimeniharibu hivyo kwa usiku mmoja?

Huenda kiliingia tangu juzi. Mafua makali, yaani influenza, huchukua siku 1 hadi 4 tangu kuambukizwa mpaka dalili kuonekana. Ila sehemu kubwa ya unayoyasikia, homa, baridi, viungo kuuma, ule uchovu wa kukulaza kitandani mchana, ni kazi ya mwili wako mwenyewe. Tulilijua hili vizuri kupitia wagonjwa wa homa ya ini ya aina ya C. Kwa miaka mingi walitibiwa kwa sindano za interferoni, protini ambayo mwili huitengeneza wenyewe ukivamiwa na virusi. Saa chache baada ya sindano wengi walikuwa wanatetemeka na kuumwa mwili mzima kama watu wenye mafua, na kirusi cha mafua hawakuwa nacho.

Mwili unajuaje kuwa umeingiliwa? Kirusi ni kidogo mno.

Virusi vingi haviendi mbali: vinanasa kwenye kamasi, vinapigwa chafya au vinamezwa na kuishia tumboni. Kinachopenya huingia ndani ya seli, kikavua ganda lake na kutoa maelekezo yake ya kujizalisha. Kwa mafua, maelekezo hayo ni RNA, molekuli ndefu kama uzi inayobeba taarifa za urithi, na hapo ndipo kinapojichongea. Seli zetu nazo zinatumia RNA, lakini ile inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini huvishwa kama kofia ya kemikali kwenye ncha moja. RNA ya kirusi cha mafua haina kofia hiyo. Protini iitwayo RIG-I inazunguka ndani ya seli ikipapasa ncha. Ikigusa kichwa wazi, inatoa taarifa.

Virusi ambavyo maelekezo yao yako kwenye DNA, ndugu ya RNA, kama vya malengelenge, vinakamatwa kwa kosa jingine. DNA yetu hukaa ndani ya kiini cha seli (na kidogo kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli). Ikikutwa inaelea nje, protini ya cGAS huichukulia kuwa ni ya mgeni, au kwamba kuna kitu kimepasuka. Vyote viwili ni habari mbaya.

Viko pia vipokezi vya Toll, protini nyingine za kugundua wavamizi, ambavyo historia yake inapitia kwa inzi. Mwaka 1996 kundi la mwanasayansi Jules Hoffmann huko Ufaransa lilionyesha kuwa inzi wa matunda wenye hitilafu kwenye Toll hufa kwa maambukizi ya ukungu. Sisi tuna ndugu zake kadhaa, na baadhi yao hukagua kila kinachomezwa na seli. Kazi hiyo ilimpa Hoffmann sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011.

Angalia kwamba hakuna hata mmoja kati ya walinzi hawa anayemjua kirusi kwa jina. Wanachojua ni kwamba kitu hiki hakipaswi kuwa hapa. Ndiyo maana wanafanya kazi hata kwa kirusi ambacho hujawahi kukutana nacho, ilhali kingamwili mahsusi huhitaji siku kadhaa, mara nyingi wiki au zaidi, ziwe tayari kwa wingi.

Kikishagunduliwa, nini kinafuata?

Seli inapiga kelele za "mwizi!" Kelele hizo ndizo interferoni, waliyoigundua wanasayansi Alick Isaacs na Jean Lindenmann mjini London mwaka 1957. Na kama mtaani usiku, anayepiga kelele huenda ameshaibiwa. Wanaonufaika zaidi ni majirani, wanaofunga milango mapema. Seli jirani hutengeneza mamia ya protini za kujihami. Kirusi kikiziingia, nyingine husimamisha utengenezaji wa protini, kikose kiwanda cha kutumia, na nyingine hukatakata RNA. Seli iliyokwisha kushikwa inaweza hata kujiua kabla kirusi hakijamaliza kuzaliana.

Kisha hufika seli za NK, tuziite wauaji wa kuzaliwa. Seli nzima huonyesha kitambulisho juu ya ngozi yake. Baadhi ya virusi hukificha ili visigunduliwe na walinzi wengine, na NK huua hasa seli zisizo na kitambulisho. Kirusi kikikwepa huku kinanaswa kule.

Mbona basi tunaugua, wengine mpaka kufa?

Kwa sababu mwizi mzoefu huziba mdomo wa mwenye nyumba kwanza. Kirusi cha Zika, kilichogunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, huharibu STAT2, protini inayopokea ujumbe wa interferoni ndani ya seli. Kelele zinapigwa, jirani hasikii. Cha ajabu, hakiwezi kuiharibu STAT2 ya panya, na panya wa kawaida wa maabara hawaugui kwa urahisi. Ebola nayo ina protini inayofunika RNA yake isipapaswe.

Tangawizi na limau vinaongeza kinga?

Vinatuliza koo. Kunywa.

Kama homa ni ya kunisaidia, niiache?

Joto hupunguza kasi ya baadhi ya virusi, kwa hiyo homa ndogo kwa mtu mzima anayekunywa maji vizuri si lazima uikimbilie. Ikikutesa, parasetamo kwa kipimo sahihi inatosha. Lakini kwetu huku usianze kwa kusema "ni virusi tu". Pima malaria kwanza. Na pakiwa na mlipuko wa dengue, kaa mbali na aspirini na ibuprofeni, maana zinaongeza hatari ya kutokwa damu. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 3 mwenye homa, au mtu yeyote anayepumua kwa shida, anayetapika kila kitu au aliyechanganyikiwa, apelekwe hospitali sasa hivi.