Kibali cha Mazishi Si Cheti cha Kifo

Familia nyingi nchini Tanzania hudhani kwamba kifo kimekwisha kusajiliwa kwa sababu tu kibali cha mazishi kina muhuri wa serikali. Kibali hicho huruhusu kuzika, basi. Kinachodaiwa na benki, mahakama na mifuko ya hifadhi ya jamii ni cheti cha kifo kinachotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Aliyefia hospitali huandikiwa taarifa ya kifo hapo hapo. Aliyefia nyumbani, taarifa hupitia kwa mtendaji wa eneo lake. Kifo kilichochelewa kusajiliwa bado husajiliwa, lakini kadiri miaka inavyopita ndivyo mashahidi na kumbukumbu zinavyopungua.

Tunawasihi wafiwa walisome jina la marehemu herufi kwa herufi kabla ya kuondoka na cheti. Mtu aliyeajiriwa kwa jina la ubatizo, akafungua akaunti kwa jina la baba na kununua kiwanja kwa jina la babu, huwaachia warithi wake kazi ya kuthibitisha kwa kiapo kwamba watu hao watatu ni mmoja.

Cheti kikipatikana, kikao cha familia humpendekeza msimamizi wa mirathi na muhtasari wake hupelekwa mahakamani. Kikao hupendekeza tu. Mwenye mamlaka ya kuteua ni mahakama. Mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi, si lazima kijijini alikozikwa. Kabla ya uteuzi huo, mtu yeyote asitumie kadi ya benki wala namba ya siri ya simu ya marehemu kutoa fedha, hata kwa nia njema ya kulipia msiba, kwani fedha hizo ni za warithi na wadai wake.

Mwajiri na mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani NSSF au PSSSF, wapewe taarifa mapema, kwa sababu mafao ya wategemezi yana utaratibu wake na hayalipwi bila kuombwa.

Linalotusikitisha zaidi ni msimamizi anayejigeuza mrithi wa kila kitu, huku mjane na watoto wakiambiwa wasubiri. Msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa, ndani ya miezi minne, kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu kwa Fomu Namba 5, kisha hesabu za mirathi kwa Fomu Namba 6. Mrithi ana haki ya kuuliza kama fomu hizo zimewasilishwa, na zisipowasilishwa anaweza kuiomba mahakama ile ile itengue uteuzi na kumweka msimamizi mwingine.