Kwa nini watu wanagongana kwenye njia panda iliyo wazi kabisa, hata mti hakuna?

Zamani nikisikia ajali imetokea njia panda huko porini, mchana kweupe, magari mawili tu barabara nzima, jibu langu lilikuwa moja: huyo alilewa, au alikuwa anachati. Niliwahi kumbishia shemeji yangu hadi chai ikapoa, nikamwambia haiwezekani mtu akose kuona kitu ambacho kiko mbele yake sekunde kumi nzima. Kumbe inawezekana, tena ule uwazi wenyewe unachangia.

Chukua Ipley, njia panda ndogo kwenye New Forest, Hampshire, kusini mwa Uingereza. Barabara mbili zinakatana mshazari, kama nyuzi 69 badala ya 90, pembeni vichaka vifupi tu, unaona mbali. Mwaka 2011 mwendesha baiskeli aligongwa pale akafariki, mwaka 2016 akafariki mwingine palepale, na alama ya kupisha ilikuwepo.

Sasa angalia hapa, ndio utamu ulipo. Chora pembetatu kichwani: kona moja gari lako, ya pili baiskeli, ya tatu pale barabara zinapokatana. Kila mmoja anaenda na mwendo wake bila kubadilisha, na mko kwenye hesabu ya kufika pamoja. Baada ya sekunde mbili pembetatu imepungua lakini umbo ni lilelile, kama sambusa ya mgahawani na zile ndogo za harusini, saizi tofauti ila kona hazijabadilika. Na kama kona haibadiliki, basi yule wa baiskeli anabaki sehemu ileile ya kioo chako, hasogei kulia wala kushoto, mpaka mnakutana. Ni kama mwezi ukiwa kwenye basi usiku, miti inakimbia, nyumba zinakimbia, mwezi umeganda dirishani unaenda na wewe. Tofauti ni kwamba mwezi hauji.

Manahodha wanalijua hili siku nyingi. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinasema chombo kinachokukaribia kikibaki upande uleule kwenye dira, hesabu kwamba kuna hatari ya kugongana. Dereva anafundishwa lini hili? Mimi sikufundishwa, na hapo ndipo nilipokosea miaka yote, nilidhani kitu kisichosogea kwenye macho yangu ni kitu kilichosimama, kumbe kile kisichosogea ndicho kinachokufuata wewe. Pembeni mwa jicho hatuoni vizuri, tunachonasa zaidi huko ni kitu kinachotembea, mbuzi akikatiza unamnasa hapohapo, lakini kilichoganda ubongo unakihesabu kama sehemu ya mandhari. Halafu kinaonekana kidogo, kidogo, kidogo, na sekunde ya mwisho ghafla kimejaa kioo.

Ongeza na ile nguzo kati ya kioo cha mbele na dirisha la mlango. Tuseme ina upana wa sm 10 na iko sm 70 kutoka kwenye macho yako. Umbali wa mita 50, hata ukitumia macho yote mawili, inaficha kama mita 2 na nusu. Baiskeli haifiki hata mita 2. Na kwa sababu ya ile sambusa, ikishaingia nyuma ya nguzo haitoki, inasafiri imejificha humohumo.

Mshazari unaingiaje? Barabara zikikatana nyuzi 90 na mwendo ukiwa sawa, mwenzako yuko nyuzi 45 kutoka pua ya gari, huyo anaingia dirishani bila shida. Barabara yake ikilalia mbele, yaani akitokea mbele yako kwa pembeni, au yeye akiwa wa polepole, anasogea karibu na pua, yaani kuelekea kwenye nguzo. Ikilalia nyuma ni shida nyingine, lazima ugeuze shingo kabisa, ndio maana mwongozo wa Marekani wa barabara kwa ajili ya madereva wazee unataka nyuzi zisipungue 75. Shingo za wazee zimeingia kwenye uhandisi!

Ila tusizidishe. Kwenye ajali fulani huwezi kujua kichwa cha dereva kilikuwa wapi hasa, jometri inaonyesha tu kwamba jambo linawezekana. Na haimtoi mtu kwenye kosa, maana mtego wote unategemea gari lipite na mwendo uleule pale linapotakiwa kupisha.

Kwa hiyo achia mafuta mapema, mwendo ukibadilika tu sambusa inaharibika na aliyejificha anachomoza. Inama mbele kisha rudi nyuma ukichungulia pande zote mbili za nguzo, abiria wako watadhani unacheza muziki, waache. Ukifika kwenye mstari, kama nafasi ipo, nyoosha gari likae karibu nyuzi 90 na barabara unayoingia, halafu cheki tena upande uliolalia nyuma, bodaboda hupenda kutokea huko.

Pale Ipley wenyewe waliamua kuivunja njia panda, midomo miwili ya barabara moja ikahamishwa isitazamane, sasa hakuna anayeweza kukatiza moja kwa moja.