Stakabadhi tatu, kufyatuka mara sita

Juzi tena. Nimekaa zangu Shangani, umeme umerudi, ndiyo kwanza nafungua kompyuta, ujumbe unaingia: "Shikamoo kaka. Stakabadhi ni tatu, kanuni imefyatuka mara sita. Hii Drools ni mbovu?" Marahaba, mdogo wangu. Si mbovu. Drools ni injini ya kanuni: programu ya Java unayoiandikia kanuni za "ikiwepo hiki, fanya kile", na kanuni ikitekelezwa tunasema imefyatuka. Swali hili nimeshalijibu mpaka basi, kwa hiyo naliandika hapa, atakayefuata nimtumie kiungo niendelee na chai.

Kazi yenyewe kila mtu huku Mtwara anaijua. Mkulima hapeleki korosho zote ghalani kwa siku moja. Leo magunia mawili, wiki ijayo matatu, na kila safari anaandikiwa stakabadhi. Kijana alitaka stakabadhi za mkulima mmoja, ghala moja, daraja moja, ziunganishwe kuwa fungu moja. Kanuni yake: ikiwepo stakabadhi x, ikiwepo na y ya mkulima yuleyule, ghala lilelile, daraja lilelile, zote kilo zaidi ya sifuri, na x isiwe y, basi kilo za y ziongezwe kwenye x. Za majaribio zilikuwa kilo 160, 240 na 80.

Kichwani mwake injini inashika ya kwanza, inatafuta wenzake, inahamia ya pili, kama lupu. Hapo ndipo ninapochoka. Injini ya kanuni haipitii orodha! Inaulizwa jambo moja tu: ni jozi zipi zinatimiza masharti? Kwa injini, moja-na-mbili ni jozi, na mbili-na-moja ni jozi nyingine. Tatu mara mbili, sita. Tena ashukuru aliandika "x isiwe y". Asingeandika, stakabadhi moja ingekaa kwenye pateni zote mbili, yaani nafasi ya x na ya y, mkulima akaunganishwa na nafsi yake, na jozi zingekuwa 9. Peleka stakabadhi 1,000 za namna hiyo uone: jozi milioni moja, halafu useme injini ni nzito.

Algoriti iliyo nyuma ya haya inaitwa Rete, kazi ya Charles Forgy, makala yake kuu ilitoka 1982. Drools ya leo imeibadilisha sana, ila wazo ni lile. Rete ni Kilatini, maana yake wavu, na mtu wa Mikindani haelezwi zaidi ya hapo: wavu haumkimbizi samaki mmojammoja. Umetandazwa, unakaa, na kinachonasa kinabaki kimenasa mpaka kitu kibadilike.

Mpaka kitu kibadilike, na injini iambiwe. Hili la kuambiwa ndilo linaloua watu. Kijana alikuwa anabadilisha kilo kimyakimya, kwa seta ya kawaida ya Java. Injini haikuwa na habari, ikafyatua jozi zake sita ilizokwisha kuziona, ikatulia. Kilo zikawa uongo mtupu, lakini programu ilisimama. Nikamwambia tumia "modify", amri inayobadilisha na kuiarifu injini. Akatumia. Sasa haisimami kabisa! Kilo za x zimebadilika, kanuni ina sharti juu ya kilo, basi jozi zote zenye x zinapimwa upya, zinafaa tena, zinafyatuka tena. Katika dakika chache mkulima wake wa kubuni alikuwa na korosho ambazo hata walanguzi wa kangomba wasingethubutu kuziota.

Na hapa kuna kona inayopotosha hata wazoefu. Tangu Drools 7, injini kwa kawaida inaangalia ni sifa ipi iliyobadilishwa ndani ya "modify". Pateni isiyogusa kilo haiamshwi na badiliko la kilo. Kwa hiyo angefuta lile sharti la "zaidi ya sifuri", ambalo halikuwa na kazi yoyote, mzunguko ungekoma. Angeshangilia, akalala. Kilo bado zingekuwa uongo.

Akaja na dawa ya wote: "Nimeweka no-loop, kaka." Hiyo inaizuia kanuni isijiamshe yenyewe, basi. Kanuni mbili zikiamshana, hii inaongeza kilo, ile inarekebisha makato, zitachezeana usiku kucha na no-loop zenu zote mbili zipo hapohapo zinatazama. Nikiiona kwenye faili la mtu nafanya kama nimeona plasta juu ya jipu.

Kinachotakiwa ni kidogo. Namba ya x iwe ndogo kuliko ya y, jozi mojamoja ihesabiwe mara moja. Ongeza kilo kwa "modify", kisha y ifutwe kwenye kumbukumbu ya kazi, pale injini inapoweka data inayoitazama. Ikishaondoka, kila jozi yenye y hiyo iliyokuwa kwenye ajenda, yaani foleni ya zinazosubiri kufyatuka, inafutika nayo. Jaribu kwa mkono: injini ianze na jozi yoyote, unaishia kwenye stakabadhi namba 1 yenye kilo 480. Ila usifute stakabadhi halisi kwenye hifadhidata, jamani. Mkaguzi atakuja.

Nikiri jambo. Kwa kujumlisha kilo tu, mimi mwenyewe siku hizi natumia "accumulate", amri ya Drools ya kujumlisha, au nafanya kwa SQL kabla injini haijaguswa, na sina hakika kama kazi ile ilihitaji kanuni tangu mwanzo. Mpangilio wa kufyatuka pia siuamini. Kila jaribio nachanganya stakabadhi upya na kuendesha tena, na mara mbili nimekuta jibu tofauti kwenye kanuni nilizoapa ni safi.

Usiku amenijibu. "Kaka imekubali, 480. Lakini jozi ni tatu, mbona imefyatuka mara mbili?"