Xuebi: ganzi ya miguu katika tiba ya Kichina

Wapo wagonjwa wa kisukari ambao ndara huwavuka njiani, wakaendelea kutembea bila kujua. Wengine hulia kwamba nyayo zinawaka moto usiku, hata shuka likigusa tu linauma. Hospitalini wataambiwa neva zimeharibika: sukari iliyozidi damuni kwa miaka huziumiza neva pamoja na vishipa vidogo vinavyozilisha. Zilizo ndefu zaidi ndizo huanza, kwa hiyo vidole vya miguu hutangulia.

Tabibu wa Kichina wa jadi hana habari na neva. Kisukari chenyewe vitabu vya kale vinakiita xiaoke, kukonda na kiu. Ganzi hii nayo hupewa jina la xuebi (tamka "shwe-bi"): xue ni damu, bi ni kuziba. Jina limo katika maandishi ya Zhang Zhongjing, tabibu aliyeishi takribani miaka 1800 iliyopita. Kwake yeye ulikuwa ugonjwa wa watu wa starehe, wanene wenye mifupa dhaifu. Kuuhusisha na miguu ya wenye kisukari ni kazi ya waliokuja baadaye.

Dalili yake Zhang anaiita buren. Hapo lugha inapendeza, kwa sababu bu ni "si", na ren ni neno lilelile la Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, ambalo sisi tungelitafsiri "utu". Mwanafalsafa Cheng Hao, wa karne ya 11, aliwasifu matabibu kwa kuchagua neno hilo: kiungo kisichohisi ni kama mtu asiyeguswa na shida za mwenzake.

Maelezo ya matabibu hao kuhusu ganzi ni kwamba qi, nguvu inayosukuma damu, imepungua, damu ikakwama. Wana msemo kuwa penye mtiririko hapaumi, na panapouma hapana mtiririko. Kwa Kichina "kutiririka" na "kuuma" yote ni tong, toni tu ndiyo hutofautiana. Basi dawa ya Zhang ni ya kusukuma: mzizi wa huangqi, vitawi vya mdalasini, mzizi wa peoni, kunazi 12 za Kichina, na tangawizi mbichi, ambayo uzito wake ni mara mbili ya huangqi. Sindano za akupancha, nyembamba zisizo na dawa ndani, nazo huchomwa sehemu kama Zusanli, vidole vinne chini ya pia ya goti, upande wa nje wa muundi.

Je, inasaidia? Tathmini ya 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaopima ushahidi wa tiba, ilikuta majaribio mengi ya dawa hizi za mitishamba, lakini yaliyofanywa kwa udhaifu kiasi kwamba hayathibitishi kitu. Mimi nisingeacha vidonge vya hospitali kwa ajili yake. Tena "ya asili" si lazima iwe mitishamba mitupu: vidonge vya Kichina viitwavyo Xiaoke Wan vina glibenclamide ndani, dawa ileile ya hospitali ya kushusha sukari. Anayemeza vyote viwili bila kumwambia daktari anaweza kuishiwa sukari akazimia.

Kuna pia kuloweka miguu katika maji moto ya mitishamba, jambo linaloonekana halina madhara kabisa. Maji hayo yapimwe kwa kiwiko, au kwa mkono wa mtu mwingine. Mguu uliopoteza ndara bila kujua hautajua kwamba unaungua. Malengelenge yataonekana kesho yake.