Pumzi kwanza, koo baadaye: kumjenga mzee katika mchezo wa redio

Katika kuwafundisha waigizaji wa michezo ya redio, kosa ninalokutana nalo mara nyingi zaidi ni la kijana ambaye, akipewa uhusika wa mzee, hushusha sauti na kuikwaruza kooni hadi aanze kukohoa kabla onyesho halijafika katikati. Kimaumbile mambo huelekea kinyume, kwa kuwa nyuzi za sauti za mwanamume hukonda uzeeni na kupoteza unyumbufu, hivyo sauti yake aghalabu huwa nyembamba kidogo kuliko alipokuwa mtu mzima wa makamo; ni sauti ya mwanamke ambayo huelekea kuwa nzito baada ya ukomo wa hedhi.

Hata hivyo, msikilizaji humtambua mzee hasa kwa pumzi. Chukua kauli hii: "Nilikuambia mapema, mjukuu wangu, shamba lile usiliuze." Kijana huimaliza kwa pumzi moja. Mzee ninayemtaka mimi hukata baada ya "mapema", huvuta hewa, kisha huitumia karibu yote katika "mjukuu wangu", hata "usiliuze" ikatoka imefifia. Kwa sababu hiyo huwataka waigizaji watie alama za pumzi kwenye mswada kwa penseli kabla hawajafikiria sauti yenyewe, maana pumzi ikishapangika, koo hubaki limelegea na kazi ya siku nzima haimuumizi mtu.

Kiimbo nacho kina nguvu kubwa katika Kiswahili. "Umemlipa" yaweza kuwa taarifa, swali au shutuma bila herufi hata moja kubadilika. Mhusika mnafiki anayeuliza kwa kiimbo cha mtu anayelijua jibu tayari hutisha kuliko yule wa kicheko kizito, ambacho, kwa maoni yangu, wasikilizaji wamekwisha kukichoka. (Lafudhi za makabila zinazobandikwa ili kuchekesha tu, mimi huzikataa.)

Mwigizaji mmoja akibeba wahusika wawili katika onyesho moja, nawatenganisha kwa kasi na kwa umbali kutoka kwenye maikrofoni: mmoja husema karibu, mdomo ukiwa umeelekezwa pembeni kidogo ili "p" na "b" zisipasuke, na mwingine hurudi nyuma hatua moja na kusema kwa kasi zaidi.